Mkono wa Nyota Kwenye Udongo Mweusi

Nyota zinazong'aa kuliko zote katika mikono ya galaksi hazitoki humo zikiwa hai. Huzaliwa ndani ya mkono, huwaka kwa rangi ya buluu, na hufa humo humo kabla hazijafika upande wa pili. Jambo hili sikulisoma kitabuni. Nililijua nikiwa mtoto wa darasa la tano, kanga ya buluu ya bibi yangu imeanguka kando yangu, nimelala chali kwenye tope jeusi la uwanja wa shule, nimekufa, huku mvulana mmoja akinikanyaga kidole na kuniambia nife vizuri.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Bunda, mvua ikanyesha, nikashuka garini kununua maji, na kiatu changu cha kulia kikabaki ardhini. Anayeujua udongo mweusi wa kule hatashangaa. Ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Ukilowa hushika kila kinachoukanyaga. Na una harufu yake, harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza, na chini yake kuna kitu kama mabua ya pamba yaliyooza. Nilisimama kwa mguu mmoja kando ya barabara nikacheka peke yangu, hata mama aliyekuwa akiuza mihogo akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia, nimekumbuka tu siku tuliyotengeneza galaksi.

Niliishi kwa bibi mzaa mama, pembezoni mwa Manyamanyama, huko huko Bunda, pale nyumba zilipokuwa zikiishia na mashamba ya pamba yakianza. Pale nyumbani alikuwapo pia mtoto wa mwisho wa bibi, Wegesa. Kwa ukoo alikuwa mama yangu mdogo, na ndivyo nilivyomwita. Tatizo ni kwamba tulisoma darasa moja. Kaka zake walipooa na kuhamia mbali hapakubaki mtu mwingine wa kuchunga ng'ombe, kwa hiyo yeye aliingia shule akiwa amechelewa sana. Tulipofika darasa la tano alinizidi miaka minne na kichwa kizima cha urefu. Sare yake ilishonwa kwa kuunganisha sare mbili. Kwenye mstari wa asubuhi alisimama nyuma kabisa, na bado ulimwona wa kwanza.

Mimi sikujua kumwita kwa jina. Siku moja nilisema mbele ya wote, "Mama Mdogo, niazime kifutio," na darasa zima likaangua kicheko. Yeye alinirushia kifutio akasema, "Futa vizuri, mwanangu," na wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Alikuwa hodari wa kugeuza mambo hivyo. Mimi nilidhani hayamwumi.

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Masatu, kijana aliyekulia kijiji cha wavuvi upande wa Musoma, aliyeweka chaki nyuma ya sikio na kuisahau huko hadi jioni. Siku moja aliingia akiuliza kabla hata hatujamaliza kusimama.

"Nani anaijua Njia ya Maziwa?"

Nilinyoosha mkono kwa nguvu hadi dawati likatikisika. "Mimi, mwalimu! Inapita nyuma ya kwetu!"

Na kweli ilipita. Kila alfajiri vijana wa baiskeli walikuja kwa njia ile kutoka vijijini, madumu ya maziwa yakigongana nyuma, wakielekea mjini. Darasa liliniunga mkono. Makuru, mvulana aliyekaa mbele na asiyeweza kuliacha neno lolote lipite, akaongeza, "Kweli mwalimu, na kuna jamaa mmoja anaongezeaga maji pale mtoni."

Mwalimu Masatu alicheka hadi chaki ikadondoka. "Mimi kwetu nilikuwaga najua ni njia ya kutoka ziwa moja kwenda ziwa lingine," alisema. "Nikawa namsumbua baba, tukivuka hili letu tunatokea ziwa gani?" Kisha akaniangalia mimi. "Lakini huyu amekaribia. Inapita nyuma ya kwao. Inapita na mbele ya kwao, na katikati ya nyumba. Ni kundi kubwa la nyota, linaitwa galaksi, na sisi tumo ndani yake."

Siku ile nilirudi nyumbani nikiangalia chini, kulia na kushoto kwa njia ya wauza maziwa, nikitafuta nyota zilizodondoka.

Katika somo hilo hilo mwalimu alitupitishia simu yake meza kwa meza. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya galaksi nyingine, ya mbali, iliyojikunja kama maji yanayozunguka kabla ya kuingia kwenye tundu. Mwalimu alituonyesha mikono yake. Mimi nilitafuta vidole. Nilipouliza kama ule wa juu ni wa kulia au wa kushoto hakucheka, alisema tu kwamba ni namna ya kusema, kwa sababu nyota zimejipanga kwa mkunjo mrefu kutoka katikati kwenda nje. Kisha akaandika ubaoni makundi mawili. Nyota changa ni zile za buluu, kali, zilizoenea mikononi kama cheche. Nyota kongwe ni zile za njano na nyekundu iliyofifia, zilizojaa katikati na kusambaa kila mahali, hata kwenye nafasi kati ya mkono na mkono.

Neno "kongwe" tulikuwa tukilisikia redioni tu, kwenye mpira, mchezaji mkongwe. Makuru aligeuka polepole sana hadi macho yake yakafika dawati la nyuma.

"Kumbe mmoja tunaye humu humu," alisema.

Basi. Tangu siku ile Wegesa akawa Kongwe. "Shikamoo, Kongwe!" walimpigia kelele langoni, na yeye akajibu, "Marahaba, mjukuu, kapenge kamasi." "Kongwe, tusimulie mlivyopigana na mkoloni!" Wakubwa wa darasa la saba, wenye umri kama wake, walianza kumkwepa ili jina lisiwarukie na wao. Majibu yake yakawa mafupi. Halafu yakaisha.

Jioni moja, tukichambua mboga, alimwambia bibi kwamba shule basi. Atakwenda Musoma kwa dada yao mkubwa, aliyekuwa akikaanga na kuuza samaki, na Mama Mkubwa alikwisha kubali. Angekuja Ijumaa kumchukua.

Bibi hakuinua kichwa. "Umechoka, au wamekuchosha?"

"Yote mamoja, mama."

"Si mamoja. Ila wewe ndiye unayekwenda huko kila siku, si mimi."

Nilikaa pale na majani ya mchicha mkononi, nikihesabu kichwani vitu vitakavyoondoka naye. Aliyenibeba mgongoni kuvuka kijito mvua ikinyesha. Aliyenifundisha kugawanya kwa kutumia ng'ombe, hawa wa kwako, hawa wa bibi, huyu mmoja amebaki, ndiye baki. Na tena, jambo ambalo hata kwa akili zangu za wakati ule niliona halikai sawa: yeye alipenda shule kuliko mimi.

Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho ya sayansi. Walimu wangekuja kutoka shule za Musoma na Butiama, na kila darasa lilitakiwa kuonyesha kitu. Wenzetu walikuwa na betri za malimao. Sisi hatukuwa na kitu, mpaka mvua ilipotusaidia.

Kila asubuhi kabla ya vipindi tulikimbia mchakamchaka, shule nzima tukizunguka uwanja huku tukiimba. Uwanja ule ulikuwa na kasoro moja. Maji ya mvua yalikuwa yamechora mkanda wa udongo mweusi uliojikunja kutoka katikati hadi ukingoni, na siku za mvua ukifika pale ulipunguza mwendo utake usitake. Jumatano asubuhi Mwalimu Masatu alikuwa amepanda juu ya mwamba mkubwa ulioko kando ya uwanja ili asichafue viatu. Ghafla akapuliza filimbi kama mtu aliyeona moto.

"Msisimame! Zungukeni tena! Zungukeni!"

Tulizunguka hadi tukaishiwa nyimbo. Aliposhuka alikuwa akitetemeka kwa furaha. "Nimeuona," alisema. "Mnabanana pale kwenye tope, sivyo? Wa mbele wanatoka, wa nyuma wanaingia. Watu wanabadilika, msongamano uko palepale! Nao umejikunja! Sikilizeni, mkono wa galaksi si kamba. Hakuna nyota iliyofungwa pale. Ni foleni. Nyota inaingia, inabanwa, inatoka upande wa pili na kuendelea na safari yake."

Alitupanga siku hiyo hiyo, darasa letu na la saba, kwenye duara nne, ndogo ndani ya kubwa. Wakubwa walikuwa nyota kongwe, wakijifunga vitambaa vyekundu, kazi yao kuzunguka bila kukoma, waingie topeni na kutoka. Wadogo tulikuwa nyota changa. Sisi tulichuchumaa ndani ya mkanda wa tope kama gesi inayosubiri. Msongamano ukitufikia tunabanwa, tunazaliwa, tunainua kanga za buluu juu, tunakimbia kama wehu, na kabla ya kutoka kwenye tope tunaangusha kanga na kufa. "Mnawaka sana, ndiyo maana mnakufa mapema," mwalimu alisema. "Kwa hiyo anayetazama kutoka juu ataona buluu mkononi tu. Nje ya mkono hamfiki." Alitutungia na wimbo. Sisi tulipaza, "Nyota changa!" na kujijibu, "Tunawaka!" Wakubwa wakaitikia, "Nyota kongwe! Tunakaza!"

Kila mtu alitaka kuwa buluu. Nilipochaguliwa sikulala vizuri kwa furaha. Wegesa alipewa kitambaa chekundu na kuwekwa mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza lile jina lilikuwa kazi, si tusi. Ilidumu hadi Makuru alipopaza sauti, "Wazee wapite nje, vijana tuko ndani!" Wakubwa wa darasa la saba wakavua vitambaa vyao mmoja mmoja. Siku iliyofuata, Alhamisi, walisema wana kazi bustanini. Wegesa hakuja shule kabisa.

Alhamisi tulifanya mazoezi bila wao. Mwalimu aliwatoa nusu ya nyota changa na kuwavika nyekundu, tukaanza. Na hapo nikaona jambo ambalo sijaacha kulishangaa. Watoto wadogo hawazami. Waliruka juu ya tope kama vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, chwa chwa chwa, wakafika upande wa pili bila kupunguza mwendo. Hakuna aliyebanwa. Hakuna foleni. Sisi tuliochuchumaa tulisubiri kuzaliwa, tukachoka, tukazaliwa wenyewe ovyo ovyo.

"Mkono uko wapi?" Mwalimu Masatu aliuliza kutoka juu ya mwamba. "Nauliza, mkono uko wapi?"

Makuru, aliyekuwa amejilaza kwenye tope, alijibu, "Mwalimu, mimi nimeshakufa, siwezi kujua."

Hata mwalimu hakucheka. Aliteremka akasimama karibu na mahali nilipokuwa. Nilikuwa nimeshaanza kulinganisha nyayo. Zetu zilikuwa vishimo vya kuku. Pembeni zilikuwapo za siku iliyopita, za Wegesa na wenzake, kina cha kikombe, bado zina maji. Nilimwonyesha. Alipima mmoja kwa kidole.

"Ndivyo ilivyo na huko juu," alisema taratibu. "Changa ndizo zinazoonekana, lakini uzito uko kwa kongwe. Uzito wao ndio unaovutana na kuufanya mkono uwe mkono. Kuna darubini zinazoona joto badala ya mwanga wetu huu. Ukitazama kwa hizo, zile cheche zote za buluu zinafifia, na mkono bado upo, mnene, umetengenezwa na kongwe."

Sikusubiri kengele. Nilikimbia hadi nyumbani, nimejaa tope hadi nywele, nikamkuta Wegesa anafagia zizi.

"Mama Mdogo! Mkono umevunjika!"

Alitupa ufagio. Alinishika bega, kiwiko, kifundo, akahamia upande wa pili. "Upi? Huu? Unauma wapi? Kunja vidole! Mama, njoo, mtoto amevunjika!"

"Si wangu. Wa galaksi."

Alibaki ameshikilia kifundo changu. Nadhani alikuwa akiamua kama anikumbatie au anizabe kofi. "Mjinga wewe," alisema mwishowe, akakaa juu ya jiwe. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, vitwitwi, nyayo, uzito, darubini za joto. Alisikiliza. Kisha akachukua ufagio wake.

"Kesho naondoka," alisema. "Nitapita kuaga tu."

Ijumaa Mama Mkubwa alifika asubuhi na mapema na gauni jipya la njano kwa ajili ya mdogo wake. Walikuja shuleni pamoja, Wegesa kalivaa, na walimu wageni waliokuwa juu ya mwamba wakawapisha wasimame nao, wakidhani ni wazazi. Niliwaona kutoka chini, kwenye tope langu. Tulianza. Mambo yakawa yale yale ya jana. Wekundu wetu wadogo wakaruka, sisi tukazaliwa kwa kubahatisha, na mwalimu mmoja mgeni akasema kwa upole tukamsikia wote, "Mbona naona watoto wanaanguka tu?"

Wegesa hakuwa ameutazama uwanja ule kutoka juu hata siku moja. Yeye siku zote alikuwa ndani. Nilimwona ameinama mbele, kiganja kwenye paji la uso, akifuata mduara kwa kidole. Halafu akacheka kwa sauti yake ya kuchungia, ile inayofika ng'ambo ya kijito.

"Hawakanyagi hawa! Ni wepesi! Wanapita tu!"

Akapandisha gauni la njano, akalifunga kiunoni, akateremka ule mwamba kwa makalio. Mama Mkubwa akapiga kelele, "We Wegesa! Hilo gauni!" Hakugeuka. Alikuwa amefika kwa darasa la saba, waliokuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ofisi. "Nyie majitu, mnaona haya ya nini? Mnamwogopa Makuru? Makuru huyu anayelalaga na taa? Njooni hapa!" Sijui kama Makuru alilala na taa. Lakini majitu yalicheka, yakaja.

Mtu aliye ndani ya mkono wa galaksi haoni mkono. Ninachoweza kueleza ni kilichonipata mimi. Kwanza ardhi ilianza kutetemeka. Kisha mwanga ukapungua, kwa sababu miguu ilikuwa mingi, mirefu, mizito, inachomoka topeni kwa mlio wa chungu kinachochemka. Joto likaja, pumzi, jasho, mtu akasema "pole" na mwingine "sogea". Magoti yalinibana kutoka pande zote. Nikainuka si kwa sababu niliamua, bali kwa sababu hapakuwa na namna nyingine, nikainua kanga, na nikawaka! Nilipiga kelele hata sijui maneno gani. Nilikimbia kati ya mbavu za watu, buluu nyingine zikiruka mbele yangu na nyuma yangu, nikauona ukingo wa tope, nikaangusha kanga nikafa. Hapo ndipo Makuru aliponikanyaga kidole. "Kufa vizuri!" alisema, akafa juu yangu. Kongwe walitupita wakikaza, wakatoka nje ya tope, wakaendelea na mzunguko, na wengine wakaingia.

Kutoka juu ya mwamba Mwalimu Masatu alikuwa akipiga mayowe. "Huo! Huo hapo! Umesimama! Tazameni unavyojikunja!" Niliwauliza wageni baadaye, mmoja mmoja, waliona nini hasa. Wote walichora kitu kimoja hewani kwa kidole: mkunjo mweusi na mwekundu, mnene, usiosogea, na cheche za buluu zinazowaka na kuzimika ndani yake.

Wegesa alipanda mwambani akiwa mweusi hadi mapajani. Mama Mkubwa alilitazama gauni kwanza, ndipo akamtazama aliyelivaa. "Tunaondoka au hatuondoki? Gari halitusubiri."

"Dada, subiri kidogo." Akamgeukia mwalimu. "Sisi tulikuwa na tope. Huko juu tope ni nini?"

"Hakuna. Nyota zenyewe ndizo tope lao. Zinapokusanyika, mvuto wao ndio unaozikusanya nyingine."

"Basi nyota zikizunguka mara nyingi, mkono unabaki ule ule? Au unafumuka, halafu zinatengeneza mwingine?"

Mwalimu Masatu alipapasa sikio akitafuta chaki. "Hapo, Wegesa, hata wataalamu wenyewe hawajakubaliana."

"Yaani hawajui?"

"Hawajui."

Wegesa aliwatazama wageni wale, walimu wa Musoma na wa Butiama, mmoja baada ya mwingine, na wote wakatikisa vichwa. Uso wake ulifunguka. Kwa mara ya kwanza pale shuleni alikuwa amefika mahali ambapo hakuna aliyemtangulia.

"Tangulia, dada," alisema. "Siwezi kuingia mjini na gauni hili."

"Gauni linafuliwa."

"Basi niache nilifue."

Mama Mkubwa aliondoka peke yake, akinung'unika hadi langoni, na langoni akageuka akacheka. Jumatatu Wegesa alikuwa nyuma ya mstari kama kawaida. Makuru hakuacha kumwita Kongwe, alibadilisha sauti tu. Wegesa alimaliza la saba, akaenda sekondari, na leo ni muuguzi wa zahanati moja wilayani Butiama, mwenye watoto wawili na sauti ile ile ya kuchungia ng'ombe.

Ujumbe wake wa sauti huwa haunipi salamu. Hunirukia moja kwa moja. "Nimesoma makala," anasema, "mkono unavunjika! Nakwambia unavunjika, unaundwa mwingine!" Mimi bado nashikilia kwamba unadumu, kwamba ni wimbi linalozunguka polepole huku nyota zikipita ndani yake. Naye anazo hoja. Wanaotengeneza galaksi kwa kompyuta huona mara nyingi mikono inayochanika na kuungana upya. Wanaopima umri wa nyota kuvuka mkono mmoja, kutoka changa kwenda kongwe, wameona katika baadhi ya galaksi mpangilio unaonipa mimi haki, na katika nyingine wasiuone kabisa. Na hii yetu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa tunaitazama tukiwa humo humo. Mikono yake ni ile ile ya tangu zamani, au imeshabomoka na kujengwa mara nyingi? Mpaka ninapoandika haya, hakuna aliyetuamulia.